Lebo, Kikaango na Dagaa wa Nansio

 Leo nazungumzia kupunguza mwili, na naanza na swali la dada mmoja wa hapa Nansio, kisiwani Ukerewe. Ameacha chapati, ameacha soda, na jioni badala ya chakula anakula vile vipande vya protini vinavyofanana na chokoleti, vilivyofungwa kwenye karatasi ing'aayo, ambavyo kaka yake humletea kwa meli kutoka Mwanza. Anavyo vya aina mbili. Cha kwanza kimeandikwa kalori 200 na mafuta gramu 8. Cha pili kimeandikwa kalori 150 na mafuta gramu 5. Anauliza ale kipi. Ameongeza kwamba fedha anayotoa kwa kipande kimoja ingetosha mboga ya nyumba nzima kwa siku, na ndiyo maana anataka awe na hakika.

Dada, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa namba. Nakuomba wewe na kila anayesikiliza mchukue kalamu. Nitazisema polepole.

Ukitazama zile namba mbili tu, cha pili kimeshinda: kalori pungufu, mafuta pungufu. Lakini geuza karatasi utafute uzito. Cha kwanza kina gramu 60. Cha pili kina gramu 35. Kumbe hicho cha pili ni kidogo, na chakula kidogo lazima kiwe na kalori kidogo. Sasa tuvipime kwa kipimo kimoja, gramu 100 kwa gramu 100, kama inavyochapishwa kwenye safu ya pembeni ya lebo nyingi. Kwa gramu 100, cha kwanza kinatoa kalori 333 na mafuta gramu 13 na kitu. Cha pili kinatoa kalori karibu 430 na mafuta gramu 14 na kitu. Ushindi umehama. Kile kilichoonekana chepesi ndicho kilichobeba kalori nyingi zaidi ndani ya kila gramu.

Halafu ipo namba ya tatu, ambayo dada hakuniandikia mpaka nilipomwuliza. Hiyo ni protini yenyewe, ambayo kwa ajili yake kipande kinauzwa kwa bei ile. Cha kwanza kina protini gramu 20. Cha pili kina gramu 6. Gawanya sasa: kwa kila kalori 100 unazokula, cha kwanza kinakupa protini gramu 10, cha pili kinakupa gramu 4 tu. Kwa hiyo, dada, ikiwa ni lazima uchague kati ya hivyo viwili, chukua cha kalori 200 na kile kingine mpe kaka yako ale njiani.

Nina sababu ya kuitazama protini. Mtu anayepunguza chakula mwili wake unakula akiba, na akiba hiyo haiwi mafuta peke yake. Misuli nayo huliwa. Protini ya kutosha pamoja na kazi za mikono au mazoezi huilinda misuli, na tena hukaa tumboni muda mrefu kuliko sukari, kwa hiyo njaa inachelewa kukurudia. Anayejinyima bila kujali protini hupungua kwenye mizani akabaki na mwili uliolegea, usio na nguvu ya kubeba ndoo kutoka ziwani. Nimewaona wengi wakikata tamaa hapo hapo, wakidhani miili yao imewasaliti, kumbe walikuwa wanakosa kitu kimoja tu kwenye sahani.

Hesabu ya kalori yenyewe mtu aliyemaliza darasa la saba anaiweza. Mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, alichoma vyakula maabarani na kupima joto lake, akapima pia kile ambacho mwili wa mtu unakitumia na kile unachokitupa, mpaka akapata namba tunazotumia hadi leo. Gramu moja ya protini ni kalori 4. Gramu moja ya wanga au sukari ni kalori 4. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Mafuta yanabeba zaidi ya mara mbili, na ndiyo sababu macho ya anayepunguza mwili yanakimbilia kwenye mstari wa mafuta kwanza. Ukikuta kwenye lebo namba kubwa, 800 na kitu, usishtuke ukaitupa bidhaa. Hizo ni kilojuli. Igawe kwa 4 na ushee kidogo utapata kalori zako.

Lebo ina kona nyingine inayofaa kusomwa, nayo ni orodha ya viambato. Vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kama maneno matatu ya kwanza ni sukari, sharubati ya glukosi na mafuta ya mawese, hiyo ni peremende iliyonyunyiziwa protini, hata kama kwenye karatasi kuna picha ya mwanariadha. Kuna pia tamutamu ziitwazo maltitoli na jamaa zake, zinazowekwa ili kiwango cha sukari kionekane kidogo. Zina kalori pungufu kweli, lakini ukila nyingi tumbo linajaa gesi na wengine wanaharisha. Mtu akikuambia kipande kilimvuruga tumbo, mwulize kuhusu kiambato hicho kabla hujalilaumu tumbo lake.

Na vipande hivi havikuanza kwa ajili ya watu wanaotaka kupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury ya Marekani ilitengeneza vijiti vya chakula vilivyotokana na utafiti wa chakula cha wanaanga. Mwaka 1986, mjini Berkeley, California, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada aitwaye Brian Maxwell, pamoja na Jennifer Biddulph ambaye baadaye alioana naye, walianza kuuza PowerBar, kipande cha kumpa mkimbiaji nguvu asiishiwe katikati ya mbio. Mwaka 2000 Nestlé waliinunua kampuni ya PowerBar kwa mamilioni ya dola. Tazama lengo la mwanzo: kumwongezea kalori mtu anayekimbia kilomita 42. Leo vitu vya ukoo ule ule vinauzwa kwa mtu anayekaa kwenye kiti ofisini kutwa, kwa ahadi kwamba vitamtoa kitambi. Kuna vilivyotengenezwa vizuri, vyenye protini gramu 20 kwa kalori 200, kama kile cha kwanza cha dada yetu. Kuna vingine vinavyokaribiana na chokoleti ya kawaida. Snickers ya Marekani ina kalori 250, mafuta gramu 12 na protini gramu 4. Ukikuta kipande kinachoitwa cha mazoezi kina namba za kufanana na hizo, sasa unajua umeshika nini.

Tuliache duka la Mwanza, turudi Nansio. Tangu nilipopata swali hili nimekuwa nikijiuliza kwa nini dada wa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, analetewa protini kwa meli.

Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza dagaa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu dagaa." Nikamwuliza kama wameanikwa mchangani au juu ya chanja. "Wa chanja hawa, tafuna uone." Nikatafuna. Meno hayakukutana na mchanga hata punje. Dagaa wa ziwa hili, ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa wakati mwezi wenyewe unawaka. Asubuhi wanaanikwa, na jua likiwa zuri siku moja inatosha kuwakausha. Jua hilo linatoa maji na kuacha protini. Dagaa aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Mafuta yake hupanda na kushuka kwa msimu, lakini kwa mpishi wa nyumbani hesabu hii inatosha: konzi moja ya gramu 30 inakupa protini gramu 16 au 17, mafuta gramu 4 hivi, na kalori kama 100.

Rudi kwenye kipimo chetu. Kipande kizuri kutoka Mwanza, protini gramu 10 kwa kalori 100. Dagaa wakavu wa Nansio, gramu 16. Na unawala na mifupa yao, kwa hiyo umepata na kalisi, ambayo mwanamke anayejinyima maziwa anaihitaji sana.

Sato naye asisahaulike. Nyama ya sato iliyopikwa bila mafuta, gramu 100, ina kalori 128, protini gramu 26 na mafuta chini ya gramu 3. Hiyo ni protini gramu 20 kwa kalori 100, mara mbili ya kipande kizuri cha dukani. Minofu ya sangara nayo ni vile vile, mafuta yake machache sana, na ndiyo hiyo inayosafirishwa kutoka Mwanza kwenda kwenye meza za Ulaya, ambako watu wanaopunguza mwili wanainunua kwa sababu hizo hizo ninazozieleza hapa. Kinachobaki huku ni mapanki, vile vichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, pamoja na mafuta ya tumbo la samaki. Mapanki yamelisha watu wengi na sitayadharau. Ninachosema ni kwamba sehemu yenye protini nyingi na mafuta kidogo ndiyo iliyosafiri.

Yai la kuchemsha lina kalori 78 na protini gramu 6, yaani gramu 8 kwa kalori 100. Maharage yaliyochemshwa yanakaribia gramu 7, na yana nyuzinyuzi zinazoshibisha. Sasa twende kwenye karanga, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoteleza. Karanga zina protini nyingi kweli, gramu 25 na zaidi kwa gramu 100. Lakini gramu hizo 100 zina mafuta gramu 49 na kalori 567. Ukigawanya, protini ni gramu 4 na nusu kwa kalori 100. Karanga ni chakula kizuri, mafuta yake si adui wa moyo, na mimi nazipenda. Ila mtu aliyeambiwa "kula karanga ni protini", akakaa na bakuli akiangalia mpira mpaka dakika ya 90, anaweza kuwa amekula kalori za mlo mzima kabla hajala mlo wenyewe.

Na kashata? Kashata ndiyo kipande chetu cha asili, kilichoshikana kwa sukari kama kile cha dukani kinavyoshikana kwa sharubati. Chukua kashata ya gramu 40, nusu karanga nusu sukari. Karanga gramu 20 zinakupa kalori 113, mafuta karibu gramu 10 na protini gramu 5. Sukari gramu 20 inaongeza kalori 80. Jumla kalori 193, karibu sawa kabisa na kile kipande cha kwanza cha dada yetu, na mafuta yanakaribiana. Tofauti ni protini: gramu 5 kwa 20. Mwenye shamba la kulima tangu alfajiri ale kashata yake kwa furaha, inamfaa. Anayepunguza mwili aijue ilivyo.

Mpaka hapa utadhani nimemaliza: acha vipande, kula dagaa. Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu hakuna anayekula dagaa kama anavyowatoa kwenye chanja. Tunawapika. Na namna tunavyowapika ndiko kalori zinakoingilia.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula, yawe ya alizeti ya Singida au mawese ya Kigoma, kina gramu 14 na kalori karibu 120. Hiyo ni zaidi ya konzi nzima ya dagaa wakavu. Sasa fikiria namna dagaa wanavyokaangwa katika nyumba nyingi: mafuta robo lita kwenye kikaango, dagaa wanazama, wanatoka wakilia mdomoni. Robo lita hiyo ina zaidi ya kalori 2,000. Tuseme nusu yake inabaki kwenye kikaango na nusu inaingia kwenye mboga ya watu watano. Kila mmoja amekula kalori 200 za mafuta matupu. Ni sawa na kalori za kile kipande cha kwanza kizima, bila gramu hata moja ya protini. Nyanya, kitunguu na bilinganya havikuongeza kitu cha kuhesabu. Mafuta yameongeza mara mbili ya dagaa wenyewe.

Kwa hiyo mtu anaweza kusimama dukani dakika nzima akilinganisha gramu 5 na gramu 8 za mafuta kwenye karatasi, tofauti ya gramu 3, kisha akarudi nyumbani akamimina zaidi ya gramu 200 bila kupepesa. Simlaumu. Karatasi imeandikwa namba na chupa ya mafuta ya kupimwa haijaandikwa kitu. Jicho linakwenda kwenye maandishi.

Ushauri wangu kwa mpishi ni kijiko. Usimimine kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko, hata kama ni vijiko vitatu kwa sufuria ya watu watano, ujue umeweka ngapi. Dagaa waloweke kwa maji ya moto, waoshe, kisha wapike chukuchuku kwa nyanya, kitunguu, limao na pilipili, na mafuta yaje mwishoni kijiko kimoja kwa ajili ya harufu. Ukila sato hotelini, agiza mchemsho badala ya wa kukaanga. Samaki ni yule yule, ila mchemsho umemwacha na gramu zake 3 za mafuta.

Na ugali wetu? Hapa Ukerewe wengi tunakula ugali wa muhogo, wa udaga. Unga wa muhogo una kalori karibu sawa na wa mahindi, 340 hivi kwa gramu 100. Tofauti iko kwenye protini. Mahindi yana gramu 8 hivi kwa gramu 100 za unga. Muhogo una gramu 1 au 2. Maana yake mla muhogo anategemea mboga kwa protini yake karibu yote. Akiipunguza mboga akabakiza ugali, amepunguza kile kile asichopaswa kupunguza. Na ndivyo wengi wanavyofanya mambo yakiwa magumu: bonge la ugali linabaki lilivyo, dagaa wanapungua. Anayetaka kupungua ageuze. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake, dagaa konzi ya gramu 30, mchicha au matembele mengi kadiri apendavyo, mafuta kijiko kimoja cha chai. Jumla ni kalori 400 hivi, protini inavuka gramu 16, na amekula chakula cha mezani pamoja na watoto wake.

Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji walau protini gramu 56 kwa siku, na anayepunguza mwili huku akifanya kazi anafaidika akizidisha kidogo. Mayai mawili asubuhi, maharage mchana, dagaa au sato jioni, amefika au amekaribia. Aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake zina shida asifuate hesabu yangu, afuate ya daktari. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano asiruke mlo kwa sababu ya kipindi cha redio. Na mama mjamzito huu si wakati wake wa kupungua hata kidogo.

Sasa niseme jambo ambalo si la namba. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tuna sababu yetu ya kuogopa wembamba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo yetu ya magharibi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu akikonda majirani walinong'ona, na mwanamke aliyenenepa alikuwa ameonyesha watu kwamba ni mzima. Hofu ile ilikaa ndani ya nyumba. Mpaka leo dada akipungua kilo chache shangazi yake anamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo. Msikilizaji, ukiona ndugu yako anapunguza mwili kwa kula vizuri na kutembea, usimtie unyonge. Uzito uliozidi nao umekuwa ugonjwa wa nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2010 uliwakuta wanawake 22 katika kila 100 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015 na 2016 ukawakuta 28. Presha na kisukari vinafuata nyuma yake, na wanaojaza kliniki za magonjwa hayo si matajiri peke yao.

Lakini nyumba hiyo hiyo inaweza kuwa na mtoto mwenye shida ya kinyume. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kuna chakula kingine cha kufungwa, kinachotolewa hospitalini kwa watoto wenye utapiamlo mkali, kiitwacho Plumpy'Nut. Kilibuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Ni karanga za kusaga zilizochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na karibu nusu yake au zaidi inatoka kwenye mafuta. Kwa mtoto yule mafuta hayo ni uhai. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kupokea sahani kubwa, kwa hiyo kalori lazima zije zimebanwa. Nawaomba akina mama: mkipima mafuta kwa kijiko kwa ajili yenu, msimpimie mtoto wa miaka miwili kwa kijiko hicho. Kwenye uji wake weka karanga za kusaga, weka dagaa waliosagwa, weka na mafuta. Na kijana anayevuta nyavu usiku kucha naye mwacheni ale dagaa wake wa kukaanga, atazitumia kalori zote kabla jua halijapanda.

Nimebakiwa na jambo moja linalonichoma. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili haiishii kwenye sahani ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Kuku anawala dagaa, sisi tunanunua yai, na wenye uwezo wananunua kipande cha protini kilichovuka bahari. Sababu mojawapo ni mchanga. Dagaa walioanikwa chini, walionyeshewa na mvua, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku kwa sababu hakuna mtu wa kuwala. Wale wa chanja wanapata bei ya watu. Sababu nyingine ni kwamba dagaa hawana lebo. Wanapimwa kwa kopo na kwa sado, na hakuna mahali popote kwenye sado palipoandikwa gramu, kalori wala protini, wakati namba zao zipo na ni nzuri kuliko za vipande vya dukani. Majedwali ya viini lishe ya vyakula vya Tanzania yalichapishwa mwaka 2008, yakiandaliwa na wataalamu wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Sayansi haijatunyima kitu.

Kwa hiyo navigeukia vikundi vya akina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo yetu. Fungeni pakiti ya gramu 60, uzito ule ule wa kipande cha dada yetu. Dagaa wa chanja, waliotolewa vichwa, waliokaushwa tena kwa moto mdogo na chumvi kidogo bila mafuta, wa kutafunwa hivyo hivyo. Anzieni SIDO Mwanza, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho, kisha nendeni TBS, shirika la viwango, ambao tangu Julai 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, wawapimie na kuwapa namba za kuandika. Mbele ya pakiti andikeni protini kwa herufi kubwa. Nyuma andikeni mafuta na kalori, kwa gramu 100 na kwa pakiti, safu mbili, ili mtu akisimama dukani aweze kulinganisha. Na dada aliyeniuliza swali nimeshamwahidi kwamba pakiti ya kwanza ikitoka nitaitangaza hapa hapa na bei yake.